Umechoka na bodaboda shambani? Piga hesabu hii kabla ya kununua guta



Siku hizi nikipita mashambani, kuanzia Lengijave hadi huku kwetu Oldonyo Sambu, kuna swali naulizwa kuliko hata lile la viwavijeshi: "Bwana shamba, niuze pikipiki nichukue guta?" Naongelea lile guta la injini, lenye matairi matatu na bodi la mizigo nyuma. Swali ni zuri na linastahili jibu la namba, siyo jibu la "we nunua tu, kijana."

Kuna kijana mmoja wa huku, jina lake nalihifadhi, ambaye hakumuuliza mtu. Alivuna viazi vizuri msimu ule, akachoka kuona bodaboda inapiga safari kumi kwa siku. Akauza pikipiki yake, akachukua mkopo wa kurudisha ndani ya miezi 12, akaleta guta jipya. Mwezi wa kwanza furaha. Mwezi wa pili viazi vimekwisha shambani, lakini rejesho liko palepale. Mwezi wa tano aliyemkopesha akaja kulichukua. Leo kijana anakodi bodaboda kubeba viazi vyake, na kuna deni la shemeji bado hajalimaliza.

Guta lake lilikuwa zima kabisa. Kosa lilikuwa kwamba alinunua chombo kwa ajili ya siku kumi za mavuno, akasahau kwamba mwaka una siku 365. Hilo ndilo somo la leo: chombo nunua kwa ajili ya safari unayoirudia kila wiki, siyo kwa ajili ya mzigo mkubwa unaoubeba mara moja kwa msimu.

1. Anza na daftari, siyo na duka

Chukua daftari. Kwa wiki nne andika kila safari ya mzigo: umebeba nini, kilo ngapi, kutoka wapi hadi wapi, umetumia muda gani, mafuta kiasi gani, na nini kiliharibika njiani. Andika pia safari ambazo hazina mzigo: kwenda kuangalia maji, kumpeleka fundi pampu, kufuata dawa dukani.

Wengi wakifanya hivi wanagundua jambo moja. Safari nyingi za wiki ni za mtu mmoja na kilo zisizozidi 20. Kwa safari hizo hakuna kinachoishinda pikipiki. Mimi mwenyewe kazi yangu ya kuzunguka vijiji naifanya kwa pikipiki, na sitaki guta hata bure. Kwa hiyo ukiuza pikipiki ili upate guta, jiulize: nani atakwenda kufuata dawa? Utawasha guta kwenda kununua chupa moja ya kiuatilifu?

2. Hesabu yenyewe

Nitatumia mfano. Namba hizi ni za kufundishia, zako zitakuwa tofauti, na bei ya mafuta na ya guta ulizia siku hiyo hiyo.

Tuseme una nyanya. Wiki ya mavuno unatoa kreti 30, kila moja kilo 40. Jumla kilo 1,200. Kutoka shambani hadi lami ya Arusha–Namanga ni kilomita 6, yaani kilomita 12 kwenda na kurudi.

Kwa bodaboda: kreti 3 kwa safari, safari 10, kilomita 120. Ikitumia lita moja kwa kilomita 40, ni lita 3. Kwa shilingi 3,000 kwa lita, mafuta ni 9,000. Kila safari na kupakia dakika 50, jumla saa 8 na dakika 20.

Kwa guta: kreti 10 kwa safari, safari 3, kilomita 36. Likitumia lita moja kwa kilomita 20, ni lita 1.8, sawa na shilingi 5,400. Kila safari saa moja na nusu, jumla saa 4 na nusu.

Umeona? Kwenye mafuta umeokoa shilingi 3,600 tu kwa wiki nzima. Wanaosema guta linalipa kwa mafuta hawajapiga hesabu. Faida iko sehemu nyingine mbili. Ya kwanza ni muda: karibu saa nne, tuseme nusu siku ya kibarua, shilingi 5,000. Ya pili ni ubora wa mzigo. Nyanya iliyofungwa juu ya pikipiki inarushwa na kila shimo. Kama kwenye kreti 30 ulikuwa unashushiwa bei kreti 2, shilingi 10,000 kila moja, na kwenye guta hazishuki, umepata 20,000.

Jumla: 3,600 + 5,000 + 20,000 = shilingi 28,600 kwa wiki ya mavuno.

Sasa tuseme guta ni shilingi 6,000,000, na pikipiki yako umeiuza 1,500,000. Umeongeza 4,500,000. Gawanya kwa 28,600: unahitaji wiki 157 za mavuno. Kama kwa mwaka unavuna wiki 12, hiyo ni miaka 13. Guta litakuwa limeshageuka banda la kuku.

Usikate tamaa, tuendelee. Tuseme wiki 40 za mwaka unabebea majirani safari 3 kwa wiki: mbolea, majani ya ng'ombe, mahindi, ngwara inayokwenda kupakiwa kwenda Namanga. Wanakulipa 15,000 kwa safari, na wewe ukitoa mafuta, dereva na uchakavu, 4,000, unabaki na 11,000. Kwa mwaka ni 1,320,000. Ongeza faida yako ya mavuno, 343,200. Toa bima na matengenezo ya ziada, tuseme 400,000. Unabaki na 1,263,200. Sasa 4,500,000 inarudi kwa miaka mitatu na nusu.

Maana yake ni mbili. Kwanza, guta la mkulima mdogo linalipwa na mzigo wa jirani. Kama huna majirani wa kuwabebea, usinunue, kodi. Pili, tazama yule kijana wetu. Kurudisha 4,500,000 kwa miezi 12 ni 375,000 kila mwezi, wakati guta kwenye mfano huu linaingiza kama 105,000 kwa mwezi. Hata angefanya kazi usiku na mchana, asingelipa. Muda wa mkopo ulikuwa mfupi kuliko uwezo wa chombo.

Kwa wanaotaka kukopa: ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 vijana, 4 wanawake, 2 watu wenye ulemavu) haina riba na inatolewa kwa vikundi. Wakulima watano wanaotumia njia moja kufika lami wanaweza kununua guta moja, kila mtu akabaki na pikipiki yake. Kwangu hiyo ndiyo njia iliyonyooka kuliko zote. Ila wekeni kwa maandishi nani analiendesha, nani anaweka mafuta, na likiharibika pesa inatoka wapi. Guta la kikundi lisilo na daftari ni ugomvi unaotembea.

3. Mwili uliozoea pikipiki utakudanganya

Hapa naomba usome polepole, maana hapa ndipo watu wanapoumia.

Pikipiki ukikata kona unalala nayo. Umeifanya miaka, mwili unajua wenyewe. Guta halilali. Ukiegemea kama ulivyozoea bila kugeuza usukani vya kutosha, linakwenda moja kwa moja, nje ya kona. Ukishtuka ukageuza ghafla, linanyanyua tairi la ndani. Kwa hiyo wiki ya kwanza liendeshe tupu, taratibu, kwenye uwanja. Usione aibu, hata kama una miaka kumi kwenye boda.

Chora pembetatu chini kwa kijiti: ncha moja tairi la mbele, ncha mbili matairi ya nyuma. Uzito ukikaa ndani ya pembetatu, umesimama. Ukivuka mstari kati ya tairi la mbele na moja la nyuma, umeanguka. Sasa angalia: mbele pembetatu ni nyembamba. Ukishuka mteremko, ukakata kona na kukanyaga breki kwa pamoja, uzito wote unakimbilia kule kwenye wembamba. Ndiyo maana maguta mengi hupinduka yakishuka. Dawa: punguza mwendo kabla ya kona, shuka kwa gia ndogo, breki zako zisifanye kazi peke yake hadi zichemke.

Kupakia nako kuna kanuni:

– Mzigo mzito uwe chini, mwepesi juu. Mbolea chini, majani juu.

– Uzito mkubwa ukae mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Ukiurundika nyuma kabisa, ukipanda mlima tairi la mbele linakuwa jepesi na usukani haukusikii tena.

– Kulia na kushoto pawe sawa. Gunia la lumbesa upande mmoja ni hatari, na pia Wakala wa Vipimo hawalitaki.

– Funga kwa kamba hata kama ni mwendo wa dakika tano.

– Bodi si la abiria. Najua siku ya mnada kila mtu anataka lifti, lakini mtu akikaa juu ya magunia hana pa kushika, na guta likilala yeye ndiye wa kwanza chini.

4. Maji: mzigo unaotembea

Huku kwetu upande huu wa Meru mvua haitoshi, na mzigo wa kila wiki kwa wengi wetu ni maji. Lita moja ni kilo moja. Tanki la lita 500 ni kilo 500, bado hujahesabu tanki lenyewe na wewe dereva. Soma kwenye kibao au kitabu cha guta uwezo wake ni kilo ngapi, usisikilize muuzaji anayesema "hili linabeba hata tani."

Lakini hatari kubwa siyo tanki lililojaa. Ni lililojaa nusu. Hili nalijua kwa goti langu. Niliazima guta la jirani kupeleka maji kwenye kitalu cha miche. Tanki lilikuwa nusu, nikajiambia ni jepesi, hakuna shida. Nashuka korongoni, nikakunja kidogo kukwepa jiwe, maji yote yakakimbilia upande mmoja kwa mara moja. Guta likalala. Niliruka, usukani ukanigonga goti, na miche ikakosa maji siku mbili. Wakati nimekaa chini navua kiatu, mama mmoja akapita na punda wake watatu wenye madumu, akaniambia pole, akavuka lile korongo bila hata kupunguza mwendo.

Tangu hapo nasema hivi: beba maji kwenye madumu ya lita 20 yaliyojaa na kufungwa, au tanki lijae kabisa kulingana na uwezo wa guta. Na njia inayovuka korongo lenye mawe, muachie punda. Punda siyo umaskini, ni chombo kinachofaa kwa njia yake.

5. Njia zetu na mlima wetu

Njia nyingi za shambani zimechimbwa na Canter: mifereji miwili na tuta katikati. Guta upana wake ni mdogo kuliko Canter. Tairi moja la nyuma linaingia mferejini, jingine linapanda tuta, na guta linatembea limeinama. Likiwa na mzigo mrefu, tayari uko nusu ya njia kuanguka. Kabla ya kununua, tembea kwa miguu njia yako yote ukiwa na futi ya kupimia. Pengine kwanza mnahitaji siku mbili za majembe na majirani kusawazisha tuta, kazi ambayo haina rejesho la mkopo.

Jambo la pili ni mwinuko. Arusha mjini kwenyewe ni karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na sisi tuko kwenye mabega ya mlima. Injini ya kabureta hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hiyo guta ulilolisifia Dar es Salaam likipanda na kilo 500, hapa litahema. Ukinunua, ulizia lenye injini inayopozwa kwa maji na lenye gia ndogo ya kupandia. Halafu vumbi letu, lile jepesi kama unga la udongo wa volkano, linaziba chujio la hewa haraka. Wakati wa kiangazi lifungue na kulisafisha kila wiki.

Jambo la tatu ni lami. Arusha–Namanga ni barabara ya malori makubwa na magari ya watalii yanayokimbia. Guta lenye mzigo linatambaa. Kupeleka nyanya hadi soko la Kilombero kwa guta ni kujaribu bahati yako kila wiki, na injini itakwisha mapema. Kazi ya guta ni kutoa mzigo shambani hadi lami. Kutoka lami hadi mjini, unganeni mkodi kirikuu au Canter. Kila chombo kifanye kazi yake.

Na karatasi ziwe sawa: usajili, bima, na leseni yenye daraja la chombo cha matairi matatu. Usidhani leseni ya bodaboda inatosha. Uliza TRA na askari wa usalama barabarani kabla, siyo baada. Ukishaanza kubebea majirani kwa malipo umeingia biashara ya usafirishaji, kwa hiyo wasikilize na LATRA.

6. Vipi zile za matairi manne?

Vijana wa mtandaoni wananiuliza sana hili. Kuna aina mbili, msizichanganye. Ya kwanza ni pikipiki ya matairi manne, unaipanda kwa kutanua miguu kama farasi, mmeziona kwa watalii. Ya pili ni kigari cha shambani: watu wawili wanakaa bega kwa bega kwenye viti, kina usukani wa duara, mikanda, fremu ya chuma juu ya vichwa na bodi dogo nyuma.

Wakulima wengi wa nje wamehama kutoka ya kwanza kwenda ya pili, na sababu kubwa ni hii hii tunayoiongelea: kupinduka. Ile ya kupanda kama farasi ikipinduka inamlalia dereva. Australia waliona vifo vya mashambani vimezidi, na tangu Oktoba 2021 pikipiki mpya ya matairi manne ya kazi haiuzwi kule bila chuma cha kumkinga dereva ikipinduka. Kigari cha viti kinakuja na fremu yake, lakini fremu inasaidia tu kama umefunga mkanda. Usipofunga unarushwa nje, halafu fremu yenyewe ndiyo inakuangukia.

Kwa mkulima wa ekari tatu huku kwetu? Sishauri. Bei iko juu sana, na spea utazisubiri wakati nyanya zinaiva. Spea za guta na fundi wake unavipata Ngaramtoni au mjini siku hiyo hiyo. Lakini chukua somo lao: ukinunua guta, mwambie fundi mzuri wa kuchomelea akuwekee ngao imara ya chuma kati yako na bodi, mzigo usikukandamize ukifunga breki. Na kofia ngumu vaa, hata shambani.

7. Kabla hujatoa pesa

1. Daftari la wiki nne limekamilika.
2. Umekodi guta angalau msimu mmoja wa mavuno, umejua linakufaa au la.
3. Una majirani watatu au zaidi waliokubali bei ya kuwabebea.
4. Umepima njia yako kwa miguu.
5. Umeliona guta likipanda mlima likiwa na mzigo wako, siyo likizunguka tupu mbele ya duka.
6. Rejesho la mwezi halizidi kile guta linachoingiza mwezi mbaya, mwezi ambao shambani hakuna kitu.
7. Pikipiki yako bado ipo, au mna guta la kikundi.

Ukikosa mawili kati ya hayo saba, subiri. Guta halitaisha dukani. Pale Arusha kuna CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia vijijini. Kabla ya kununua mashine yoyote, pita uwaulize.

Yule kijana nilimkuta wiki iliyopita. Ameanza daftari. Yeye na wenzake wanne wa njia moja wanakodi guta kila Jumatano, wanagawana gharama, na kila mmoja anaandika. Nikamuuliza atanunua tena lini. Akacheka, akasema, "Bwana shamba, namba zikisema."

Zoezi la wiki hii: anza ukurasa wa kwanza wa daftari lako. Ukifikisha wiki nne lilete ofisi ya kata, tutakaa tuzipige hesabu pamoja. Mavuno mema.